Mnyama ni wa Serikali, hasara ni ya jirani

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ambayo kila mwalimu angependa kumwona mwanafunzi wake akiyatofautisha vyema: msasi na jangili. Msasi ni mwindaji. Jina lake ni la kale, nalo halina doa. Hutajwa katika ngano zetu kama mtu mwenye shabaha, subira na mbwa waaminifu. Jangili naye ni mwizi wa wanyama. Jina lake hutajwa katika taarifa za polisi na vizimbani. Ajabu ni kwamba watu hawa wawili wanaweza kuingia katika kichaka kimoja, wakamnyatia paa mmoja na kumwangusha kwa mshale wa aina moja. Kinachowatenganisha si tendo. Ni karatasi iitwayo kibali, na sheria iliyoamua nani apewe karatasi hiyo na nani anyimwe.

Wasomaji wengi wa safu hii ni walimu na wanafunzi, nao wamehubiriwa sana kuhusu uzuri wa wanyamapori wetu. Hawajaelezwa vya kutosha kuhusu sheria zinazowalinda wanyama hao, zilikotoka, zilimnufaisha nani na zilimuumiza nani. Leo nataka tuzitazame. Hoja yangu ni moja, nami nitaitaja mapema ili msomaji aipime kadiri tunavyoendelea: sheria iliyomwondolea mwananchi haki ya kumgusa mnyama haina budi kumwondolea pia mzigo wa hasara ya mnyama huyo. Pale sheria ilipofanya la kwanza ikasahau la pili, ilimfanya jirani wa mbuga kuwa adui wa kiumbe yule yule iliyenuia kumlinda.

Msasi alivyogeuzwa jangili

Mnamo Mei mwaka wa 1900, wajumbe wa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakitawala bara hili walikutana mjini London. Walitia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeketi mezani humo. Mkataba wenyewe haukupata kutekelezwa rasmi, kwa kuwa si mataifa yote yaliyouidhinisha, lakini fikira zake ziliingia katika sheria za makoloni: orodha za wanyama wa kulindwa, maeneo yaliyotengwa, misimu ya kuwinda na vibali vya kulipia.

Inafaa kukumbuka kwamba orodha hizo hazikuandikwa kwa jicho la mtu aliyeishi na wanyama hao. Simba, chui, fisi na mamba waliwekwa katika fungu la viumbe waharibifu ambao idadi yao ilistahili kupunguzwa, na mkataba ulitaka hata mayai ya mamba yaharibiwe. Leo anayemuua simba hushtakiwa. Simba hajabadilika, waliobadilika ni watunga sheria. Hili ni funzo la kwanza kwa mwanafunzi wa uraia: sheria ya wanyama ni kazi ya binadamu wenye masilahi yao, wala haikushushwa kutoka mbinguni.

Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha urais wa Marekani, aliteremka Mombasa na msafara mkubwa wa wapagazi na wataalamu. Yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama zaidi ya 500, kwa kibali na kwa shangwe, na mizoga mingi ikatayarishwa na kupelekwa katika makumbusho ya kwao. Hakuna aliyemwita Roosevelt jangili. Katika miaka iyo hiyo, mwenyeji aliyetega mtego wa kamba ili kupata kitoweo alianza kuitwa mhalifu. Alichokosa ni ada ya kibali na bunduki, kwa maana utawala uliuona uta na mtego kuwa njia za kishenzi na bunduki kuwa njia ya waungwana.

Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko vyote ni cha Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Hawa waliishi katika nyika iliyo nyuma ya pwani yetu, kuelekea mito ya Galana na Tana. Waliwinda ndovu kwa pinde ndefu ngumu na kwa mishale iliyopakwa sumu ya miti. Uwindaji kwao haukuwa burudani. Ulikuwa kazi, chakula, mahari na jina la ukoo. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka wa 1948, sehemu kubwa ya nyika hiyo ilifungwa. Mnamo 1956 na 1957 ilifanywa kampeni kali dhidi ya uwindaji haramu kandokando ya mbuga hiyo, na Waata wengi wakaishia gerezani.

Si kwamba pembe zile hazikuuzwa. Ziliuzwa, na wafanyabiashara walionunua walipata faida kubwa kuliko mwenye uta. Hata hivyo, baadhi ya maafisa wenyewe walitambua kwamba walikuwa wamewafunga watu kwa sababu ya kuwa walivyokuwa. Ndipo mwaka wa 1960 ukaanzishwa mpango kando ya mto Galana ili Waata wawinde kwa idadi iliyowekwa na kwa idhini. Mpango huo haukudumu. Baadaye ardhi hiyo ikaingia katika ufugaji wa ng'ombe wa biashara. Waata wakabaki bila ndovu, bila nyika, na bila jina jingine isipokuwa lile walilopewa na mahakama.

Marufuku ya 1977

Tulipopata Uhuru hatukuzitupa sheria hizo. Tulizirithi na kuzirekebisha. Mwaka wa 1976 Bunge lilipitisha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori, iliyounganisha idara ya wanyama na shirika la mbuga za taifa. Mwaka uliofuata, mnamo Mei 1977, Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote wa burudani. Mnamo 1978 ikafunga pia maduka yaliyouza ngozi, pembe na mapambo mengine ya wanyama.

Wako wanaosema leo kwamba marufuku hiyo ilikuwa kosa. Mimi sisemi hivyo. Mwaka huo vibali vilikuwa vimegeuzwa pazia la kufichia wizi, na pembe za ndovu zilikuwa zikitoka nchini kwa wingi wa kutisha. Kufunga mlango lilikuwa jambo la busara. Lakini mlango uliofungwa kwa karatasi haumzuii mwenye bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu wapatao 167,000. Ilipofika 1989 walikuwa wamesalia takriban 16,000 tu. Maangamizi hayo yaliendelea hata baada ya sheria kukataza uwindaji. Funzo la pili basi ni hili: sheria isiyo na mtu wa kuitekeleza ni sawa na mlinzi aliyechorwa ukutani.

Mambo yalibadilika pale utashi ulipopatikana. Mwaka wa 1989 Daktari Richard Leakey alikabidhiwa usimamizi wa wanyamapori. Mnamo Julai 18 mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, na ulimwengu ukatazama. Miezi michache baadaye mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe hizo kimataifa, na mwaka wa 1990 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaanza kazi. Mnamo Aprili 30, 2016 Rais Uhuru Kenyatta naye aliteketeza tani 105 za pembe za ndovu pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru. Sensa ya taifa ya mwaka wa 2021 ilihesabu ndovu 36,280 na vifaru 1,739. Hayo ni mafanikio, na askari wetu wa wanyamapori, ambao baadhi yao walipoteza maisha, wanastahili shukrani ya kila Mkenya.

Hata hivyo, msomaji asifunge hesabu hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 na kuongozwa na mtaalamu wa takwimu Joseph Ogutu ulipima hali ya wanyama katika nyanda kame za nchi hii tangu 1977. Ulionyesha kwamba kwa wastani idadi yao ilipungua kwa asilimia 68. Hapa hatuzungumzii ndovu peke yake. Tunazungumzia swala, kongoni, pofu, twiga na punda milia, wanyama ambao hakuna anayewachomea pembe mbele ya kamera za ulimwengu. Wamepungua katika miaka iyo hiyo ambayo kuwawinda kwa burudani kulikatazwa. Sababu ni nyingi: watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, ua na mashamba yameziba njia za wanyama, mvua imekuwa haba, na mitego ya wauza nyama haijakoma.

Lakini jiulize swali moja. Maeneo ya mbuga na hifadhi za Serikali ni takriban asilimia nane tu ya ardhi ya nchi hii, na wanyama wengi huishi nje ya maeneo hayo, katika malisho na mashamba ya watu. Je, mwenye shamba amepewa sababu gani ya kumtaka punda milia akae kwake badala ya ng'ombe? Ng'ombe anaweza kumuuza alipe karo. Punda milia hawezi kumuuza, hawezi kumla, hawezi kumfukuza kwa nguvu. Anachoweza ni kumlisha tu. Tusishangae basi akijenga ua.

Insha kutoka kando ya mbuga

Nilifundisha kwa miaka kadhaa katika shule ya upili iliyo katika kaunti ya Taita Taveta. Mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi huchukua takriban asilimia 62 ya eneo lote la kaunti hiyo, kwa hivyo mwananchi wa huko ni kama mgeni aliyepangishwa chumba kimoja katika nyumba ya ndovu. Kila mwaka tulitoa swali la insha kuhusu faida za wanyamapori, na kila mwaka majibu yalifanana kama mayai: wanyama huleta fedha za kigeni, huwapa vijana ajira, huipa nchi sifa, hupendezesha mazingira.

Siachi kukumbuka insha moja ya msichana wa kidato cha pili. Aya zake tatu za kwanza zilikuwa za kawaida, zenye fedha za kigeni na watalii wenye kamera. Aya ya nne ilikuwa na sentensi moja tu. Aliandika kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo ndovu walikuwa wameingia shambani mwao na kumaliza mahindi, na kwamba mama yake alikuwa bado ameketi nje. Kisha aya ya tano ikarejea katika faida, na insha ikahitimishwa kwa kuwaomba wananchi wote wawapende wanyamapori wetu.

Mtoto yule hakuwa amekosea popote. Alijua jibu linalotakiwa na mtihani, na alijua jambo jingine ambalo mtihani haukumwuliza. Kati ya aya yake ya tatu na ya tano ndimo inamoishi siasa yote ya uhifadhi katika nchi hii. Fedha za kigeni zinaingia Nairobi. Ndovu anaingia shambani kwa mamake. Watoto katika vijiji kama hivyo hawawezi kutoka alfajiri kwenda shuleni hadi jua litoke na njia ithibitishwe kuwa salama, na jioni hawawezi kubaki kwa masomo ya ziada. Tunapopanga shule kwa matokeo ya mitihani, hakuna safu inayoonyesha saa zilizoliwa na nyati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Fidia: ahadi na deni

Sheria imesema nini kuhusu mama huyo? Historia yake ni ya kupanda na kushuka. Sheria ya 1976 ilikubali kwamba aliyeharibiwa mali na wanyama anaweza kulipwa. Mwaka wa 1989, wakati ule ule ambapo pembe zilikuwa zikiteketezwa kwa ajili ya kumwokoa ndovu, fidia ya mimea na mali iliondolewa. Ilisemekana kwamba mpango huo ulikuwa umejaa udanganyifu. Ikabaki fidia ya kifo na majeraha peke yake, na kwa miaka mingi uhai wa Mkenya aliyeuawa na mnyama ulikadiriwa kwa shilingi 30,000. Baadaye kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 200,000.

Mwaka wa 2004, aliyekuwa mbunge wa Laikipia Magharibi, marehemu G.G. Kariuki, alifikisha Bungeni mswada wa kuirekebisha sheria hiyo. Ulitaka, pamoja na mengine, fidia bora kwa wananchi. Bunge liliupitisha, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Kelele kubwa ilikuwa imezuka kwamba mswada huo ungefungua mlango wa uwindaji wa burudani. Sitaki kuwalaumu waliopinga uwindaji. Hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini tazama kilichotokea: wenye kutaka kuwinda na wenye kukataa uwindaji walipambana, na aliyeumia ni yule ambaye hakutaka kuwinda wala kukataza, aliyetaka tu kulipwa mahindi yake. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Sheria mpya ilikuja mwaka wa 2013 na kuanza kutumika Januari 2014. Kwa haki lazima tuisifu palipo na sifa. Iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa kifo, milioni tatu kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni mbili kwa majeraha mengine. Ilirejesha fidia ya mazao, mifugo na mali. Iliunda kamati katika kila kaunti za kuyachunguza madai. Iliyatambua maeneo ya hifadhi ya jamii na ya watu binafsi kuwa njia halali ya kuitumia ardhi. Kwa upande wa adhabu, ilipopitishwa, aliyepatikana na hatia kuhusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Mwindaji wa kitoweo alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita.

Tatizo ni kwamba ahadi ya milioni tano iliandikwa bila kutengewa mfuko wa kuitosheleza. Madai yalilimbikizana mwaka baada ya mwaka hadi kufikia mabilioni ya shilingi. Mjane hujaza fomu, polisi huandika taarifa, daktari hutia sahihi, kamati ya kaunti huketi, faili husafiri hadi wizarani, kisha kimya. Wapo waliozikwa na wenzi wao wakafuata kabla ya faili kurudi. Lakini aliyekamatwa na nyama ya digidigi katika gunia hasubiri mgao wa bajeti. Hufikishwa mahakamani kesho yake asubuhi.

Hapa ndipo ninapoiona kasoro ya msingi. Serikali inapodai, sheria huwa na miguu ya swala. Inapodaiwa, huwa na miguu ya kobe. Mwananchi huona, naye hukata shauri lake mwenyewe bila kuandika barua gazetini. Huacha kupiga simu anapoona nyayo za wageni wenye bunduki karibu na mto. Huweka sumu katika mzoga wa ng'ombe wake aliyeuawa na simba. Simba hufa, na tai waliokuja kula hufa pamoja naye. Hakuna jeshi la askari linaloweza kulinda mnyama ambaye majirani zake wote wamekubaliana kimya kimya kwamba hafai kuwapo.

Mpaka wa sheria, mpaka wa nchi

Wengine watasema tuige majirani zetu. Tanzania huruhusu uwindaji wa vibali katika maeneo maalumu na hupata mapato kutokana nao. Namibia, kwa sheria ya mwaka wa 1996, iliwapa wanavijiji haki ya kuunda hifadhi zao na kufaidika na wanyama waliomo. Kenya yenyewe, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 hadi 2003, ilijaribu katika wilaya chache kuwaruhusu wenye mashamba kuvuna idadi ndogo ya wanyama na kuuza nyama. Jaribio hilo lilifungwa.

Sioni kwamba bunduki ya mtalii ndiyo itakayomwokoa mkulima wa Taveta. Kati ya 2023 na 2024, ndovu madume kadhaa wenye pembe kubwa waliozoea kutembea kati ya Amboseli na upande wa pili wa mpaka waliuawa na wawindaji wenye vibali nchini Tanzania. Kwa sheria ya huku walikuwa hazina ya taifa. Hatua chache mbele walikuwa bidhaa halali. Ndovu hasomi ramani, na kisa hicho kinatukumbusha kwamba sheria za nchi moja peke yake ni nusu ya ukuta. Lakini pia kinatutaka tuwe wakweli: tukiikataa njia ya majirani zetu ya kupata fedha kutokana na mnyama, tuonyeshe njia yetu ya kumlipa anayemtunza. Kukataa bila kulipa si msimamo wa maadili. Ni kumfanya maskini alipie maadili ya tajiri.

Somo kutoka kwa wavuvi

Ipo njia nyingine, nayo tunaweza kujifunza kwa wavuvi wetu. Sheria za uvuvi zilianza vile vile: amri kutoka juu. Mwaka wa 2001 juya lilipigwa marufuku, kwa kuwa hukokota kila kitu, hadi vifaranga vya samaki. Katika Ziwa Victoria omena hufungiwa msimu kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, na mbuta wenye urefu usiofika sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa. Makatazo hayo yote ni ya busara, na yote yamevunjwa mara nyingi, usiku na mchana, kwa sababu mvuvi mwenye njaa haioni kesho kupitia tundu la wavu.

Hata hivyo, kuanzia 2007 kanuni ziliwapa wavuvi wenyewe nafasi ya kusimamia fuo zao kupitia vikundi vinavyojulikana kama BMU, vyenye viongozi wanaochaguliwa na wanachama. Mambo hayakunyooka kila mahali. Viko vikundi vilivyotekwa na wenye mashua nyingi. Lakini tazama Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi. Mwaka wa 2005, wavuvi wa huko waliokuwa wameona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka walikubaliana kuifunga sehemu ndogo ya bahari yao, takriban hekta 30, mtu asivue humo. Hawakuamriwa na waziri. Wengi waliwacheka. Baada ya miaka michache matumbawe yalianza kujirudi, samaki wakaongezeka na kuvuka mpaka wa eneo lililofungwa wakiingia katika nyavu za wale wale waliojinyima. Mwaka wa 2017 jamii hiyo ilituzwa na Umoja wa Mataifa.

Mvuvi wa Kuruwitu na mkulima wa Taveta wote wameombwa kujizuia. Tofauti ni kwamba mvuvi alishiriki katika kuamua, na aliona kwa macho yake kwamba samaki aliyemwacha leo angerudi kuwa wake kesho. Mkulima hakuulizwa, na ndovu aliyemwacha leo atarudi kesho kuwa wa Serikali, akiwa na njaa.

Yapasayo kutendwa

Nina mapendekezo manne, nayo si ya miujiza. Kwanza, fidia ipewe mfuko wake maalumu unaojazwa kabla ya mwaka kuanza, na sheria iweke muda wa mwisho wa kulipa, kama inavyomwekea mlipa kodi muda wa mwisho wa kulipa kodi. Afadhali kiwango kidogo kinacholipwa kuliko milioni tano za karatasi. Pili, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 69 inaagiza kwamba manufaa ya maliasili yagawanywe kwa haki. Basi sehemu ya ada za malangoni ipelekwe moja kwa moja kwa shule, zahanati na visima vya vijiji vinavyopakana na mbuga, na hesabu zake zibandikwe mahali ambapo kila mzazi anaweza kuzisoma. Tatu, hakimu apewe nafasi ya kumtofautisha mwenye njaa na mwenye gari la kubebea nyama, na adhabu ya mwenye njaa iwe kazi ya kuihudumia jamii. Gereza halijawahi kumlisha mtoto wa mfungwa.

Nne, nawageukia walimu wenzangu. Tubadilishe swali la insha. Badala ya kuwauliza watoto faida za wanyamapori, tuwaulize: ni nani anayepata faida hizo, ni nani anayelipa gharama, na sheria iandikweje ili wawili hao wawe mtu mmoja? Mwanafunzi wa Nairobi atalazimika kufikiria shamba asiloliona. Mwanafunzi wa Voi, Kwale au Laikipia atapata ruhusa ya kuandika anachokijua. Miongoni mwao wamo mawakili, wabunge na maafisa wa mbuga wa miaka ishirini ijayo, na samaki hukunjwa angali mbichi.

Ndovu wetu waliokolewa na ujasiri wa kuchoma tani 105 za mali mbele ya ulimwengu. Ujasiri unaotakiwa sasa ni mdogo zaidi na hauna kamera: kutia sahihi hundi za wajane, moja baada ya nyingine, hadi faili ziishe. Hapo ndipo Serikali itakapoweza kusema bila haya kwamba mnyama ni wake. Mwenye mali ni yule anayeilipia hasara yake.